Sura ya Sita: Hadithi Tano kwa Tiketi Moja

Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba watu walibeba noti kwa makapu kwenda kununua mkate. Katika msukosuko huo Paul Leni, mchoraji na mbunifu wa mandhari za jukwaani, alishika kazi ya kutengeneza filamu iitwayo Das Wachsfigurenkabinett, yaani banda la sanamu za nta. Kisa chake ni chepesi. Mwenye banda kwenye uwanja wa maonyesho anamwajiri kijana mwandishi amtungie hadithi za kuvuta wateja, moja kwa kila sanamu. Sanamu ni nne: Harun Rashid, yule yule tunayemfahamu katika hekaya za Abunuwasi, Ivan wa Kutisha, mfalme wa Urusi, Jack the Ripper, muuaji wa London, na Rinaldo Rinaldini, jambazi wa Kiitalia.

Fedha ikakata kabla Rinaldini hajafikiwa. Hadithi yake haikupigwa hata picha moja, na ile ya Jack ikaishia kuwa ndoto ya dakika chache, mwandishi akiwa amesinzia mezani. Filamu ikatoka hivyo hivyo mwaka 1924, na sanamu ya Rinaldini bado imo, imesimama na wenzake. Mtazamaji asiyeambiwa humngojea mpaka taa za ukumbi zinawashwa.

Filamu ya hadithi moja ikiishiwa fedha katikati huwa imekufa. Hii ilikatwa mguu ikaendelea kutembea, na watu wanaitazama mpaka leo. Tangu hapo, kila mtayarishaji mwenye mfuko mwembamba na hamu ya kutisha watu amekuwa akilirudia umbo hili, kwa sababu ndilo linalovumilia ufukara kuliko jingine lolote. Nitakwenda mbali zaidi: sifa nyingi tunazoziona za kisanaa katika filamu hizi zilianzia kwenye daftari la hesabu. Ufupi, mtu wa ajabu anayesimulia, ncha kali ya mwisho, waigizaji wakubwa wanaopita kwa dakika kumi kisha hawaonekani tena, yote hayo mhasibu aliyafurahia kabla ya mhakiki.

Umbo lenyewe si geni kwetu. Shahrazad alimsimulia mfalme hadithi usiku baada ya usiku ili asiuawe, na msomaji wa Alfu Lela Ulela hupokea mamia ya visa ndani ya kisa kimoja. Sinema iliazima hiyo hadithi mama na kuigeuza. Katika filamu za kutisha msimulizi hasimulii ili apone. Mara nyingi msimulizi ndiye mauti mwenyewe, na wasikilizaji ndio wenye hatari.

Waingereza ndio walioupata ustadi huu kwanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wadhibiti wa filamu nchini humo waliacha kabisa kutoa kibali cha daraja la H, lililokuwa la filamu za kutisha. Watu walikuwa na vitisho vya kutosha vikidondoka kutoka angani. Mara vita ilipokwisha, Septemba 1945, studio ya Ealing ikatoa Dead of Night. Waongozaji walikuwa wanne, hadithi tano. Msanifu majengo anafika kwenye nyumba ya shamba asiyowahi kuikanyaga na kugundua kwamba watu wote waliomo amekwisha kuwaota. Kila mgeni anasimulia jambo la ajabu lililompata. Michael Redgrave anacheza msanii anayezungumza kwa kinywa cha kikaragosi, mpaka kikaragosi kinaanza kumtawala, na sijui filamu ya leo yenye mwanasesere wa kutisha isiyodaiwa kitu na dakika zile.

Mwisho wake unarudi mwanzo: msanifu anaamka, anapokea simu, anaendesha gari kwenda shambani. Wanafizikia watatu wa Cambridge, Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold, waliitazama filamu hiyo pamoja, na Gold akauliza kama ulimwengu nao hauwezi kuwa hivyo, bila mwanzo wala mwisho. Mwaka 1948 wakachapisha nadharia yao ya ulimwengu usiobadilika. Nadharia imekwisha kushindwa na ushahidi, filamu haijashindwa. Wasambazaji wa Marekani, wao, waliona ni ndefu mno wakaondoa hadithi mbili nzima. Hakuna kilichoanguka, ila Wamarekani walijiuliza baadhi ya watu wanaojitokeza kwenye jinamizi la mwishoni walitoka wapi.

Mmoja wa walioipenda Dead of Night kupita kiasi alikuwa Milton Subotsky, Myahudi wa New York mwenye miwani minene na kichwa kilichojaa vitabu vya hadithi fupi. Mshirika wake, Max Rosenberg, alikuwa mtu wa kutafuta fedha. Mwaka 1956 walikuwa wametengeneza Rock, Rock, Rock!, filamu ya muziki wa vijana. Katika miaka iyo hiyo walipeleka wazo la Frankenstein kwa kampuni ya Hammer huko Uingereza. Hammer ikaandikisha muswada wake mwingine, ikatoa The Curse of Frankenstein mwaka 1957, na utajiri wa kutisha watu kwa rangi ukawa wao. Subotsky na Rosenberg walibaki kutazama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaunda kampuni yao, Amicus, makao yake studio za Shepperton nje ya London. Rosenberg alikaa New York kukusanya fedha. Subotsky aliishi Uingereza akiandika, akitayarisha, na zaidi ya yote akikatakata filamu kwenye chumba cha uhariri hata waongozaji wakakasirika.

Kushindana na Hammer kwa njia ya Hammer kusingewezekana. Hammer walikuwa na makasri, magari ya farasi na magauni ya karne ya 19. Mavazi ya aina hiyo hugharimu, na mandhari zake lazima zijengwe. Amicus walichukua mlango wa pili: visa vya siku zile zile, watu wa suti na magari ya kawaida, vyumba vya kupanga, sebule zenye televisheni. Mzimu ulioingia ofisini ulikuwa rahisi kuliko mzimu wa kasri. Ulitisha zaidi pia, naamini, kwa kuwa mtazamaji alirudi nyumbani kwenye sebule kama ile.

Dr. Terror's House of Horrors ilitoka mapema mwaka 1965. Iligharimu takriban pauni 105,000. Goldfinger ya James Bond, iliyotoka miezi michache kabla, ilitumia yapata dola milioni 3. Ukibadilisha pauni kwa viwango vya siku zile, filamu ya Amicus ilikuwa sehemu ya kumi hivi ya hiyo. Tazama basi fedha hiyo ilivyotumika. Wanaume watano wanaingia behewa moja la treni usiku. Wa sita, mzee mwenye ndevu na kofia aitwaye Dakta Schreck, anasinzia, begi linaanguka, karata zinamwagika. Ni karata za ramli. Anampigia kila mmoja, na kila ramli ni hadithi: mbwamwitu mtu, mmea unaoua, mungu wa voodoo, mkono uliokatwa, mke mnyonya damu. Hadithi mama yote ni viti viwili virefu vinavyotazamana, dirisha moja, taa zinazopita nje ya kioo, na mlio wa reli. Treni yenyewe haihitajiki.

Aliyeongoza ni Freddie Francis, aliyekwisha kupata Oscar ya upigaji picha kwa Sons and Lovers ya mwaka 1960. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kujengewa mengi. Alijua kuificha nusu ya chumba gizani ili usione kwamba nusu hiyo haipo. Muziki uliandikwa na Elisabeth Lutyens, mmoja wa watunzi wagumu na wa kisasa kabisa wa Uingereza, ambaye kazi zake za ukumbini zilimpa heshima na filamu za vitisho zikampa chakula.

Na waigizaji? Peter Cushing ndiye Schreck. Christopher Lee ni mhakiki wa sanaa mwenye kiburi. Michael Gough ni mchoraji anayemwaibisha mhakiki huyo kwa kumsifisha mchoro uliochorwa na sokwe. Kijana wa Kikanada asiyejulikana, Donald Sutherland, ni daktari aliyeoa vibaya. Hapa ndipo hesabu ya Subotsky inapokuwa tamu. Mwigizaji mwenye jina hulipwa kwa muda anaokaa studio. Mchukue kwa majuma sita na bajeti imekwisha. Mchukue kwa siku chache, amalize hadithi yake, umwage, kesho umlete mwingine. Mwishowe bango la filamu lina majina sita makubwa kana kwamba ni filamu ya matajiri. Waigizaji nao hawakukataa: siku chache, malipo ya haki, na nafasi ya kufa kifo kizuri.

Kuna mambo mabaya humo, na si haki kuyaruka. Hadithi ya mmea ni upuuzi mtupu. Afadhali yake ni kwamba inaisha upesi. Ile ya voodoo humtia Mwafrika yeyote uchungu wa tumbo: mpiga tarumbeta wa London anakwenda visiwa vya Karibi, anaona ibada ya watu weusi msituni, ngoma, moto, vichwa vya mapambo, kila kitu ambacho Mzungu alitarajia kukiona. Lakini ukiitazama mara ya pili kuna kitu kimejificha. Kosa la mpiga tarumbeta ni kunakili wimbo mtakatifu kwenye karatasi na kuupeleka klabu London aupige kama wake. Anaambiwa waziwazi: huu si wimbo wako. Anacheka. Mungu anamfuata mpaka chumbani. Mwaka 1965, wakati vijana wa Kiingereza walikuwa wakitajirika kwa nyimbo za watu weusi wa Marekani, filamu hii ya bei rahisi ilisema bila kukusudia jambo ambalo hakuna filamu ya heshima iliyothubutu kulisema. Nasema bila kukusudia kwa sababu Subotsky, kwa kadiri ya kazi zake, alitaka tu mzimu wa tatu.

Treni inafika. Gazeti linapeperuka kituoni: ajali, abiria watano wamekufa. Schreck anageuka na uso wake ni fuvu. Mtindo huo wa "kumbe tumekwisha kufa" Amicus waliurudia bila aibu, na hauwakeri watazamaji, kwa kuwa wanakuja wakiujua kama watoto wanavyoujua mwisho wa hadithi ya Sungura na Fisi.

Walitengeneza saba za namna hii kwa miaka tisa. Torture Garden (1967), The House That Dripped Blood (1971) na Asylum (1972) ziliandikwa na Robert Bloch, mwenye riwaya ya Psycho. Asylum ina picha ambayo kila aliyeiona huikumbuka: mume amemkatakata mkewe, amemfunga vifurushi kwa karatasi ya kaki na kamba kama nyama ya buchani, akamtia kwenye friza. Kisha vifurushi vinaanza kutambaa sakafuni. Karatasi na kamba tu. Sidhani kuna zimwi la kompyuta la mamilioni ya dola lililonifanya niinue miguu kutoka chini kama kile kifurushi chenye kichwa kinachopumua ndani ya karatasi.

Kilele, hata hivyo, ni Tales from the Crypt ya mwaka 1972, iliyogharimu kama pauni 170,000 na kuingiza mapato mengi mno kuliko hayo. Chanzo chake ni vijitabu vya katuni vya kampuni ya EC ya New York, vilivyosomwa na watoto wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpaka wakubwa wakaingiwa na hofu. Mwaka 1954 mchapishaji wake, William Gaines, alihojiwa mbele ya kamati ya Seneti. Biashara ikabanwa na kanuni mpya, na EC ikaacha vitisho. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 1955 kuzuia katuni za kutisha zisiwafikie watoto. Miaka 17 baadaye, katika nchi ile ile, zikageuzwa filamu yenye Sir Ralph Richardson, mmoja wa waigizaji wakubwa wa jukwaa la Uingereza, amevaa joho la mtawa akiwauliza watalii watano waliopotea ndani ya makaburi ya chini kwa chini: mlikuwa mnakwenda wapi?

Joan Collins anafungua. Mkesha wa Krismasi anamponda mumewe kwa chuma cha kuchochea moto ili apate fedha za bima. Redioni nyimbo za sikukuu. Kisha tangazo: mwendawazimu ametoroka, amevaa nguo za Baba Krismasi. Anamwona dirishani. Hawezi kuita polisi, maana maiti iko zuliani. Kwa dakika kadhaa hakuna mazungumzo karibu yoyote, ni mwanamke anasafisha damu huku nyimbo za noeli zikiendelea, na juu ghorofani kuna binti mdogo anayemsubiri Baba Krismasi kwa hamu. Mlango unafunguliwa na nani, unaweza kukisia.

Ya tatu ndiyo ya Cushing. Alipewa nafasi nyingine, akaomba hii: mzee Grimsdyke, mzoa taka mjane, anayeokota vitu vibovu na kuvitengeneza viwe midoli ya watoto wa mtaani. Jirani zake matajiri, baba na mwana, wanaona nyumba yake inaushusha hadhi mtaa. Hawamgusi. Wanafanya mbwa wake wachukuliwe. Wanafanya apoteze kazi. Wanawatia wazazi wasiwasi mpaka watoto hawaji tena. Siku ya Wapendanao wanamtumia kadi lukuki, kila moja na ubeti wa matusi, kama vile zimeandikwa na majirani mbalimbali. Mzee anazisoma moja moja, akiwa ameketi.

Mke wa Cushing, Helen, alikuwa amefariki Januari mwaka 1971, miezi michache tu kabla ya kupiga picha hizi. Hakuwahi kupona msiba huo. Aliandika waziwazi baadaye kwamba alikuwa anangojea tu kumfuata. Katika filamu Grimsdyke huzungumza na picha ya marehemu mkewe, na picha iliyowekwa pale ni ya Helen. Cushing amekonda, mashavu yameingia ndani. Anapozisoma kadi zile mtazamaji hajui tena anachokitazama, na mimi sijawahi kuona dakika nyingine katika filamu za Amicus ambapo aliyeonewa anapendwa kuliko adhabu inayomngoja mwonevu. Grimsdyke anajinyonga. Mwaka mmoja baadaye anatoka kaburini, na kadi anayoiacha kwa yule kijana imefungwa na moyo wa kijana mwenyewe. Watu hushangilia ukumbini. Kwa maoni yangu kurudi kwake kunapunguza kitu. Lakini katuni ilidai kisasi, na filamu ya dakika 90 yenye hadithi tano haina nafasi ya kuacha deni bila kulipwa.

Huo ndio udhaifu wa umbo zima, na nguvu yake. Dakika 15 hazitoshi kumjua mtu. Zinatosha kujua dhambi yake. Kwa hiyo watu wa filamu hizi ni mchoyo, msaliti, mwenye wivu, mpenda usafi, na kila mmoja hupata adhabu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Katika The Vault of Horror (1973) mume anamsumbua mkewe kwa unadhifu, kila kitu kiwe mahali pake na lebo yake; mwishowe anapangwa yeye ndani ya mitungi, kila kiungo na lebo.

Hadithi ya mwisho ya Tales ndiyo yenye hasira kuliko zote. Meja mstaafu anachukua uongozi wa makao ya vipofu. Anakata joto la nyumba na kupunguza chakula, naye anakula nyama na mvinyo na mbwa wake mkali yu pembeni, analishwa vizuri kuliko wakazi. Msemaji wao, aliyechezwa na Patrick Magee kwa sauti inayokwaruza kama msasa, anamwendea kwa adabu. Hasikilizwi. Mmoja wao anakufa. Ndipo vipofu wanamfungia meja chumba kimoja na mbwa chumba kingine, bila chakula, na kwa siku kadhaa unasikia nyundo na misumeno. Wanapofungua, meja anaona ujia mwembamba wa mbao uliojengwa na watu wasioona. Kuna kona ambapo kuta zimepachikwa nyembe kutoka juu mpaka chini. Anapita kwa uangalifu, ubavu ubavu. Mbele mbwa mwenye njaa amefunguliwa. Meja anageuka akimbie, na mtu mmoja anazima taa.

Ukiondoa ule ujia, hakuna kilichojengwa kwa ajili ya hadithi hii kinachostahili kuitwa mandhari. Mbao, nyembe, swichi.

From Beyond the Grave, iliyotoka mwaka 1974, ilikuwa ya saba na ya mwisho. Cushing humo ni mwenye duka la vitu vya kale, na wateja wanaomdhulumu bei hulipa baadaye. Mwaka 1975 Subotsky na Rosenberg wakaachana kwa ugomvi. Soko nalo lilikuwa limebadilika. Baada ya The Exorcist ya 1973 watazamaji walitaka kukaa na mtu mmoja na shetani mmoja saa mbili nzima.

Umbo halikufa, lilipata fedha. Mwaka 1982 George Romero na Stephen King, wote wawili watoto wa katuni za EC, walitoa Creepshow kwa yapata dola milioni 8. Ina rangi zaidi, mende zaidi, na ni nzuri. Ila hakuna pembe iliyofichwa gizani kwa sababu haikuweza kujengwa, na naikosa pembe hiyo. Kisha mwaka 1989 HBO ikaanza mfululizo wa televisheni wa Tales from the Crypt. Kisa cha Baba Krismasi kilisimuliwa tena mwaka huo huo wa kwanza, safari hii na Robert Zemeckis, kwa nusu saa nzima.

Msimu wa saba na wa mwisho, mwaka 1996, ulihamishiwa Uingereza. Kipindi kimoja, cha madada watatu na mkono wa nyani unaotimiza matakwa, kilihitaji mwongozaji. Wakamwita Freddie Francis, mwenye umri wa miaka 78, ambaye mwaka 1972 alikuwa amekwisha kupiga hadithi ya matakwa matatu ndani ya Tales, na aliyejua inavyopigwa kwa siku chache.